Kijana anayetaka kuwa rubani wa jeshi aanzie wapi?

Kila mwaka, kidato cha sita wanapomaliza mitihani na ufuta unapoanza kupelekwa mnadani, maswali mawili hurudi kwetu. La kwanza huulizwa na vijana: mtu wa Kipatimu, Chumo au Kandawale akitaka kurusha ndege za jeshi, apite njia gani? La pili huulizwa na wazazi, tena kwa sauti ya chini: kuna mtu amepiga simu, anasema nafasi jeshini ipo, ila inataka fedha kidogo ya kuishikilia. Je, tutume?

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo lenye haraka. Usitume.

Kuingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, hakulipiwi. Jeshi lenyewe limetoa onyo hilo kwa wananchi mara nyingi. Nafasi zinapokuwepo, hutangazwa hadharani, na tangazo hueleza sifa, nyaraka zinazotakiwa, namna ya kuomba na siku ya mwisho. Tapeli naye ana kalenda yake. Anajua wakulima wa ufuta hulipwa lini, na anajua familia yenye kijana aliyemaliza shule inavyoishi kwa matumaini. Huanza na fedha ya fomu, kisha ya vipimo, kisha ya sare. Mkimwambia mnakuja ofisini kwake, simu haipatikani tena. Akijiita afisa, mwambie mtaenda kwa mtendaji wa kata au ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya kuulizia. Mkweli hatakasirika.

Sasa turudi kwa kijana.

Ofisa kwanza, rubani baadaye

Wengi hudhani jeshi huajiri marubani kama kampuni ya mabasi inavyoajiri madereva. Sivyo. Rubani wa jeshi ni ofisa, na uofisa ndio mlango wa kuingilia. Kwa kawaida safari huanzia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa Julai 1963. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wengine huingia kwa kujitolea. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji awe amepita JKT na kupewa cheti.

Baada ya hapo huja usaili, vipimo vya afya na mafunzo ya awali ya askari. Wanaochaguliwa kuwa maofisa wanafunzi hupelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, na wachache husoma katika vyuo vya nchi rafiki. Anayefaulu hupewa kamisheni na Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu, na kuwa Luteni Usu. Kwa anayechaguliwa kwenda anga, huo ni mwanzo tu wa kujifunza kuruka. Hata vyeo vya Jeshi la Anga kwetu ni vilevile vya nchi kavu: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja na kuendelea.

Kwa hiyo kijana asijiandae kwa ndege peke yake. Atapimwa kwanza kama mtu anayeweza kuongoza wenzake, kutii amri, kulala porini, na kusema kweli anapokosea.

Mambo ya kufanya ukiwa bado nyumbani

La kwanza ni masomo. Fizikia na hisabati ndiyo lugha ya kazi hii. Anayeingia kidato cha tano akiwa na mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, au Fizikia, Jiografia na Hisabati, anajiweka mahali pazuri. Tunajua shule nyingi za kata hazina mwalimu wa kutosha wa masomo haya. Ndiyo maana ni lazima kuanza mapema, kidato cha kwanza na cha pili, kabla hujaambiwa uchague kuacha fizikia. Ukiiacha hapo, kuirudia baadaye ni vigumu sana.

Tuoneshe kwa mfano hesabu inavyoingia. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam kwa njia ya angani ni kama kilomita 240. Ndege inayokwenda kilomita 600 kwa saa hukata kilomita 10 kila dakika, hivyo safari ni dakika 24. Rubani akikosea uelekeo kwa nyuzi 1 tu, kila kilomita 60 humtoa nje ya njia kwa kama kilomita 1. Akifika usawa wa Dar es Salaam atakuwa amepotea kama kilomita 4. Hesabu hiyo anaifanya kichwani, huku anaongea redioni na mikono ina kazi. Hakuna muda wa kutafuta kalamu.

La pili ni Kiingereza. Mawasiliano ya urubani kati ya mataifa hufanyika zaidi kwa lugha hiyo, na tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kuthibitisha kiwango chao. Si lazima uongee kama mtangazaji wa London. Unatakiwa usikie namba, uelekeo na majina bila kukosea, uyarudie bila kukosea.

La tatu ni nyaraka. Hapa vijana wengi wa vijijini hukwama, ilhali ni jambo la kurekebishika. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cheti cha kidato cha nne kinasema jingine, na kitambulisho cha NIDA kina herufi iliyoruka. Kagua leo. Ukitimiza miaka 18, jiandikishe NIDA mara moja. Matangazo huwa na umri wa mwisho, na mwaka unaopotea kwa kusubiri cheti haurudi.

La nne ni mwenendo. Kesi ya jinai hufunga mlango. Picha na maneno unayorusha kwenye simu navyo hubaki.

Mwili unaokwenda angani

Vipimo vya rubani ni vikali kuliko vya askari wa kawaida, na sababu zake ni za wazi. Macho yaone mbali na yatofautishe rangi, kwa kuwa taa za uwanja na za ndani ya ndege huzungumza kwa rangi. Masikio na pua viwe vizima, kwani presha ya hewa hubadilika haraka ndege inapopanda na kushuka. Kifafa, pumu na selimundu ni mambo ya kusema kwa daktari, wala usiyafiche. Kwenye kimo cha mita 5,500, kimo ambacho bado kiko chini ya kilele cha Kilimanjaro, presha ya hewa imebaki karibu nusu ya ile ya pwani. Tatizo lisiloonekana shambani linaweza kujitokeza huko juu.

Kuna na uzito. Ndege ikipinda ikiwa imelala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kila kitu ndani yake huwa kama kimeongezeka uzito mara mbili. Kijana wa kilo 60 hujisikia wa kilo 120. Ndege za kivita hupinda kwa nguvu zaidi ya hapo, damu ikakimbia kichwani na macho yakaanza kuona giza. Mazoezi ya miguu, tumbo na mapafu yana kazi yake. Aliyezoea kupanda vilima vya Umatumbi na mzigo kichwani ameshaanza. Akiongeza kukimbia na kulala vya kutosha, na akaacha sigara na bangi, amekwenda mbali.

Ukishakuwa ofisa mdogo

Siku ya kupewa nyota ya kwanza ni siku ya furaha, na hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: kudhani umefika. Luteni Usu anayejifunza kuruka anarudi darasani. Atasoma injini, hali ya hewa, ramani na sheria za anga. Ataruka na mwalimu, kisha peke yake, kisha kwa vyombo bila kuona nje, kisha usiku, kisha pamoja na ndege nyingine. Popote duniani, kila hatua huacha baadhi ya wanafunzi nyuma. Kuondolewa kwenye kozi ya urubani si fedheha. Ofisa huyo bado ni ofisa, na jeshi lina kazi nyingine.

Tabia tatu zinamfaa tangu siku ya kwanza.

Aamini vyombo kuliko mwili wake. Ndani ya wingu, masikio hudanganya: rubani huhisi yuko sawa kumbe ndege imelala upande. Wengi duniani wamekufa wakiamini hisia hiyo.

Afuate orodha ya ukaguzi kila mara, hata akiijua kwa moyo. Mtu huwa hasahau siku anapojifunza. Husahau siku anapojiona mzoefu.

Amheshimu fundi. Sajini aliyekaa na injini hiyo miaka 15 anajua mlio wake kuliko luteni mwenye nyota mpya. Ofisa anayemdharau anajinyima macho ya pili.

Kazi ina historia hapa hapa

Si mbali na Kipatimu, kaskazini yetu, kwenye delta ya Rufiji, ndege za kijeshi zilifanya kazi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko hiyo mwaka 1914. Waingereza walileta ndege Mafia ili kuwaonesha wapiga mizinga mahali ilipo. Baadhi ya ndege hizo zilishindwa hata kupaa vizuri, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi na mbao na gundi ziliharibika kwa unyevu. Julai 11, 1915, ndege ya Cull na Arnold ilipigwa injini. Ikawa inashuka bila nguvu, lakini Arnold aliendelea kutuma kwa redio masahihisho ya mizinga mpaka walipoangukia mtoni. Wote wawili waliokolewa, na meli ile ikafikia mwisho wake siku hiyo.

Vita ile haikuwa yetu, na watu wetu waliumia sana ndani yake. Ila somo la kazi linabaki: mambo yakiharibika, rubani humaliza jambo moja lililo mbele yake, kisha linalofuata.

Jeshi letu wenyewe liliundwa Septemba 1, 1964. Urubani wake ulianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, uliokatika mapema 1965 kwa mgogoro wa kisiasa juu ya Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi Zanzibar. Kanada ikaendelea na mafunzo hadi 1970, kisha China ikajenga kituo cha Ngerengere, Morogoro, na kufundisha marubani. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, miji ya Bukoba na Mwanza ilishambuliwa kutoka angani. Taifa lilijifunza kwamba anga nayo ni mpaka.

Wakati wa amani kazi haiishi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu pale Somanga, sisi wa Kilwa tuliona nchi kavu inavyoweza kufungwa kwa usiku mmoja. Penye barabara iliyokatika, ndege na helikopta ndizo zinazobaki kufika kwa mgonjwa na kwa chakula.

Mlango ukifungwa

Tuseme ukweli: wanaotaka ni wengi na wanaochukuliwa ni wachache. Familia isiuze shamba kwa ndoto moja. Fizikia na hisabati zilezile humfungulia kijana ufundi wa ndege, uongozaji wa ndege na utabiri wa hali ya hewa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha fani za anga kwa raia. Urubani wa kiraia upo, ila ni ghali, na leseni ya biashara hutaka saa nyingi angani, kama 200 kwa njia ya kawaida.

Mzazi pia ana neno lake. Kazi hii inaweza kuchukua uhai, hata pasipo vita. Kaeni chini mzungumze kabla barua haijaja, na binti asikatazwe kwa sababu ni binti.

Kwa wiki hii, fanya matatu tu: linganisha majina kwenye vyeti vyako, tafuta mtu wa kukufundisha mada moja ya fizikia inayokushinda, na mwambie mzazi wako kwamba hakuna nafasi ya jeshi inayouzwa kwa simu.