Acheni Kuhubiri Wito, Hesabuni Wauguzi

Mgonjwa akifokewa wodini, hukumu hutoka papo hapo: nesi yule ana roho mbaya, amefuata mshahara, hana wito. Viongozi nao wameling'ang'ania neno hilohilo. Ikifika Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa huwashwa, kiapo hurudiwa, na mgeni rasmi huwaasa wauguzi wawe na lugha nzuri. Kesho yake zamu ya usiku huingia na watu wachache walewale.

Imani hii ni potofu, na wanaoumia ni wagonjwa.

Tazama chumba cha kujifungulia. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa angalau kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Kina mama wakiwa kumi na mkunga ni mmoja, hivyo ni vipimo 20 kwa saa, kimoja kila dakika tatu. Hapo hajazalisha hata mmoja, hajaangalia kama aliyejifungua anatokwa na damu nyingi, hajatundika dripu, hajamjibu ndugu anayegonga mlango. Awe na wito kiasi gani, kuna mtoto ambaye moyo wake hautasikilizwa usiku huo. Naye anajua. Hilo ndilo linalomla: kujua kilichopaswa kufanyika, kisha kurudi nyumbani alfajiri akijua hakikufanyika, na jioni kurudi palepale.

Mtu hawezi kuishi hivyo miaka mingi moyo ukiwa wazi. Mwanasaikolojia wa Marekani Christina Maslach, aliyechapisha mwaka 1981 pamoja na Susan Jackson kipimo cha uchovu wa kupindukia wa kazini, alionyesha kwamba kuishiwa hisia huandamana na kumwona mgonjwa kama kitu. Mama mwenye jina anageuka "kitanda namba saba". Ule ubaridi tunaouita roho mbaya mara nyingi ni ngozi ngumu iliyoota juu ya kidonda. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, liliueleza uchovu huu kuwa ni tatizo linalotokana na mazingira ya kazi. Sisi bado tunalitafuta kosa kwenye tabia ya mtu.

Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi. Chanzo ni kimoja: wodi inayomchosha muuguzi ndiyo inayomwangusha mgonjwa.

Na Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, ambaye taa yake tunaiiga kila Mei, hakuwa mhubiri wa upole tu. Alikuwa mtu wa takwimu. Aliporudi kutoka vita vya Crimea aliwawekea wakubwa wa Uingereza michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi yanayozuilika, si majeraha. Alidai mifereji, hewa safi na nafasi. Tumechukua taa yake, tukaziacha hesabu zake.

Simtetei anayempiga kofi mama mwenye uchungu. Huyo awajibishwe, bila kisingizio. Lakini semina ya maadili haipunguzi vitanda, na anayeiandaa badala ya kuajiri anajua kwamba semina ni rahisi kuliko mishahara.

Wewe mwenye mgonjwa, malalamiko yako ni ya haki; yapeleke. Ila kabla hujaandika jina la nesi kwenye karatasi ya sanduku la maoni, uliza usiku ule walikuwa zamu wangapi, kwa wagonjwa wangapi. Andika namba hizo mbili, kisha mpelekee nakala diwani na mbunge wako, na udai jibu.