Ulinzi wa Mbasa wa Ziwa Nyasa Waanzia Mabonde ya Rungwe

Kata ya Masukulu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, haipakani na Ziwa Nyasa, na wakazi wake wengi ni wakulima. Hata hivyo, hatima ya mbasa, kitoweo maarufu cha wilaya jirani ya Kyela, inategemea pia namna mabonde ya Rungwe yanavyotunzwa.

Mbasa huishi ziwani, lakini hupanda mito kutaga mayai kwenye changarawe, mahali penye maji safi yanayotiririka. Kwa tabia hiyo hufananishwa na samoni wa Ulaya, ingawa hawana undugu wa karibu. Mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimworodhesha miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka.

Vitisho vikuu ni viwili. Cha kwanza ni nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito wakati wa kuzaliana, jambo linalosimamiwa kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Cha pili ni tope linaloporomoka kutoka mashamba ya kingoni na kufunika mazalia. Hapa ndipo inapoingia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Ugumu ni kwamba faida na gharama haziko mahali pamoja. Samaki huvuliwa na kutozwa ushuru Kyela, ilhali anayetakiwa kuacha mita 60 ni mkulima wa Rungwe. Kwa kaya yenye shamba dogo la migomba bondeni, eneo hilo laweza kuwa sehemu kubwa ya riziki yake. Doria pekee, bila miche wala shughuli mbadala, humrudisha mkulima kingoni msimu unaofuata.

Fedha za umma zinazoweza kuziba pengo hilo zipo, japo hazitajwi kwa jina la samaki. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao makuu Tukuyu, hukusanya ada za watumiaji maji na ina jukumu la kulinda vyanzo. Mfuko wa Taifa wa Maji, unaochangiwa na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, nao unahusika na uhifadhi wa maeneo ya vyanzo. Kingo zilizopandwa miti rafiki wa maji humhudumia mwenye bomba na mbasa kwa gharama ileile.

Kinachohitajika ni mpango unaoanzia kijijini. Mikutano mikuu ya vijiji ikiainisha kingo zilizoharibika, vitalu vya miche na kaya zitakazoathirika kabla bajeti za halmashauri hazijakamilishwa, ombi la fedha litakuwa na msingi. Uhifadhi utakaomwachia mkulima wa Masukulu hasara peke yake hautadumu, na mbasa hataupata mto aliouzoea.