Abiria Aliyefanywa Hamali

Kampuni za ndege hupenda kutuambia kwamba msafiri wa leo ana raha kuliko babu yake. Kwa habari ya mwendo wa ndege sina ugomvi nazo. Lakini safari haianzi pale magurudumu yaachapo ardhi. Huanza mlangoni pa nyumba, mtu ainuapo sanduku lake, na katika sehemu hii babu alihudumiwa vizuri kuliko mjukuu.

Mjini London, karibu na stesheni ya Victoria, Imperial Airways ilifungua mwaka 1939 jumba kubwa lenye mnara wa saa. Abiria wa ndege za majini, zile zilizotua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, alikabidhi mzigo wake papo hapo katikati ya mji, kisha akapanda garimoshi kwenda Southampton mikono mitupu. BOAC na warithi wake waliendelea kupokea wasafiri jumbani humo hadi 1980. BEA nayo ilikuwa na kituo chake Cromwell Road tangu 1957. Mabasi yake ya ghorofa mbili yalikwenda Heathrow yakikokota tela la masanduku. Mtu aliliacha sanduku lake mjini, akaonana nalo tena Roma au Athens.

Husemwa kwamba vituo hivi viliuawa na reli. Tarehe zinakataa. Meza za Cromwell Road zilikuwa zimekwisha kufungwa kufikia 1974, na reli ya chini ya ardhi haikuingia Heathrow mpaka 1977. Huduma iliondoshwa kwanza, reli ikafuata nyuma. Tena reli hiyo ilimchukua mtu tu. Sanduku aliliteremsha ngazi mwenyewe, akalikumbatia njia nzima. (Jumba la Victoria baadaye likawa makao ya wakaguzi wa hesabu za serikali. Laiti wangeikagua na hesabu hii!)

Hoja ya usalama ina uzito zaidi, wala sithubutu kuifanyia mzaha. Mwaka 1988 bomu lililofichwa katika mzigo usiokuwa na mwenyewe ndani ya ndege liliua watu 270 huko Lockerbie, na baada ya Septemba 2001 hofu iliongezeka. Lakini Hong Kong ilianza kupokea mizigo katika stesheni zake za mjini mwaka 1998, miaka kumi baada ya Lockerbie. Na Seoul ilifungua kituo cha namna hiyo katika stesheni yake kuu mwaka 2010, pamoja na maofisa wa uhamiaji. Je, miji hiyo haiogopi mabomu? Mzigo uliopokewa mjini huweza kufungiwa, kusafirishwa chini ya ulinzi, na kukaguliwa kama mwingine wowote. Kinachotakiwa ni watu wa kuifanya kazi hiyo, na watu hulipwa mshahara.

Hapo ndipo kiini cha shauri. Kampuni iliona taabu kulipa makarani mahali pawili. Meza za Paddington, zilizofunguliwa 1999, hazikumaliza hata miaka mitano. Kituo cha Hakozaki, Tokyo, kilichofunguliwa 1972 kwa ajili ya uwanja wa Narita ulio mbali kiasi cha kilomita 60, kiliacha kuandikisha abiria mwaka 2002. Nakiri kwamba mabasi yalikwama barabarani, na kwamba baadhi ya meza zilikosa wateja. Hata hivyo gharama haikufutwa. Ilihamishwa kutoka daftari la kampuni ikatuliwa juu ya bega la abiria.

Sasa tunaambiwa kwamba intaneti imemaliza tatizo, kwa kuwa mtu hujiandikisha kwa simu akiwa kitandani. Simu huandikisha jina, haina mabega. Mwulize mama mwenye watoto wawili, au mzee arudiye Mombasa na masanduku mawili ya zawadi, kilo 23 kila moja, ambaye hoteli imemtoa chumbani saa sita mchana na ndege yake yaondoka saa nne usiku. Atakwenda wapi nayo?

Nchi nyingi zinajenga reli mpya za kwenda viwanjani, aghalabu kwa fedha za umma. Wajenzi waulizwe kabla hawajapewa senti moja: sanduku litapokewa wapi?