Acheni kuwagawia cherehani

Kila hotuba kwa watu wenye ulemavu wilayani Same, iwe Hedaru au Ndungu, huishia palepale: undeni kikundi, mkope, mjiajiri. Watu hupiga makofi. Mimi nasema imani hii, kwamba dawa ya mwenye ulemavu ni mtaji, ndiyo inayomfungia mlango wa ajira huku ikimchekea.

Siubezi mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wenye ulemavu haina riba, na wapo iliowainua. Lakini biashara ni roho ngumu. Walimu na makarani wetu wengi hawaithubutu mpaka wastaafu. Leo tunamsukumia huko mtu aliyekosa shule, asiye na shamba wala dhamana, eti kwa sababu haoni au hatembei. Yeye alitaka mshahara wa mwisho wa mwezi kama wenzake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kuutaka. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anapaswa kuwa na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Wilaya yetu ina mkonge, ina machimbo ya jasi pale Makanya, ina shule, hospitali na halmashauri yenyewe. Kila mwenye daftari la mishahara alifungue, ahesabu.

Jibu nalijua: kazi zetu ni za nguvu, milima ni mikali, ataweza wapi? Mlima ni kweli. Anayeshuka na magongo kutoka Vudee hawezi kuwahi kazini kila asubuhi. Basi asaidiwe kupata chumba cha kupanga mjini. Uwezo wake haujaguswa hapo. Kuhusu nguvu, nendeni mkamwone kijana mmoja kiziwi katika karakana ya mbao hapa Same. Mashine ya randa inapounguruma, hata wenye masikio hawasikii kitu. Wote wanaongea kwa mikono, na yeye ndiye aliyewafundisha. Kiganja chake hakibanduki kwenye meza ya mashine. Mtetemo ukibadilika tu, anaizima na kutoa kisu kikanolewe, kabla mwingine hajajua kuwa kimekuwa butu.

Kigumu kuliko kupata kazi ni kubaki nayo, na hilo hatulisemi kabisa. Jirani yangu alipoteza mguu katika ajali ya barabara kuu. Akapata mguu bandia hospitali ya KCMC, Moshi, ambako mafundi wa viungo bandia wanafunzwa tangu 1981, akarudi stoo alikokuwa akifanya kazi. Baada ya miezi kadhaa kigutu kilipungua, mguu ukawa unacheza na kumchubua mpaka damu. Akaomba siku mbili aende ukarekebishwe. Bosi wake, kwa sauti ya upole na huruma, akamwambia, "Mzee wangu, wewe pumzika tu nyumbani, tutakuita."

Hakuitwa. Siku mbili tu ndizo zilizohitajika kumbakiza mtu aliyejua kila kitu kilipo katika stoo ile, hata gizani. Kisha akaletewa fomu ya kujiunga na kikundi cha ushonaji. Maishani mwake hajawahi kushona hata kifungo.