MISHALE KWA TEMBO: TUNAOMBA RUHUSA YA NINI HASA?

Hapa kijiweni Kalemela kila tembo wakiingia mashambani hakosi mtu wa kusema: "Turuhusiwe mishale tu, tutamalizana nao." Nimeyasikia sana, leo niseme yangu, maana watu wanauongelea mshale kama vile ni risasi.

Risasi ya bunduki kubwa inavunja mfupa. Mshale unakata tu, mnyama anakufa kwa kutoka damu. Kwa hiyo lazima akupe ubavu, umpige nyuma ya bega, uingie mapafuni. Ukipiga bega, mfupa unauzuia. Ukipiga tumbo, anaondoka nao. Kwa swala sawa, lakini tembo, na ngozi ile?

Mwaka 1925 Saxton Pope, daktari wa Kimarekani aliyefundishwa upinde na Ishi, mzawa wa California, alikuja Tanganyika na wenzake kuwinda simba kwa mishale. Bunduki zilikuwa nyuma yao, na zilitumika. Na huyo ni simba jamani!

Wahadzabe, ambao wengine ni wenzetu wa mkoa huu kule Meatu, walilijua hilo kitambo. Ndege wanampiga kwa mshale wa mti mtupu. Mnyama mkubwa, pundamilia au twiga, anapigwa wa chuma uliopakwa sumu ya mimea inayovuruga moyo. Hapo hata paja linatosha, unasubiri kisha unafuata nyayo. Sumu ndiyo inayofanya kazi ambayo shabaha na nguvu ya upinde haziwezi.

Sasa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza silaha zenye sumu. Ukiitoa sumu, unabaki na nini? Tembo majeruhi. Naye harudi kumtafuta aliyempiga, anakutana na mama anayewahi maji alfajiri. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa aliyeuawa. Ndiyo biashara tunayoitaka?

Mimi nasema tudai gari la askari wa wanyamapori lifike usiku uleule, na kifuta jasho kilipwe kabla ya msimu mwingine wa kulima. Nilimwambia hivyo jirani yangu mwenye mahindi. Akacheka: "Mwalimu, gari likifika mimi nitakuwa nimeshavuna mabua."

Hapo sikuwa na jibu. Mwenye nalo alilete.