Sitaki Kiswahili Kiingizwe Kwenye "Nummern"

Muhula uliopita, katika semina ya pamoja ya wanafunzi wa lugha, mwenzetu mmoja alitusikilizisha wimbo wa dakika tatu na ushee kisha akatuomba tusikitike. Wimbo huo unaitwa "Nummern". Ni wa bendi ya Kraftwerk ya Düsseldorf, Ujerumani, na umo katika albamu yao ya mwaka 1981, Computerwelt. Ndani yake hakuna sentensi hata moja. Kuna ngoma ya mashine, kavu na yenye kukata, na juu yake sauti zinazotaja namba kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijapani na Kirusi. Ulipokwisha, mwenzetu akauliza: Kiswahili kiko wapi? Akasema huo ni ushahidi kwamba dunia ya kompyuta ilijengwa bila sisi, na akapendekeza, nusu kwa utani, tuwaandikie wenye bendi watuongezee moja, mbili, tatu. Ukumbi ukampigia makofi.

Mimi sikupiga. Wala sikupata nafasi ya kueleza kwa nini, maana muda ulikuwa umekwisha na chai ilikuwa imeshafika. Basi naeleza hapa.

Nianze kwa kukiri kwamba albamu hii naipenda. Nasoma Kiswahili na Kijerumani hapa Kampala, na Computerwelt ndiyo kazi ya kwanza ya Kijerumani niliyoisikiliza hadi mwisho bila mtu kunilazimisha. Ni fupi, nyimbo saba tu, hazifiki dakika arobaini. Jalada lake ni la njano, lina picha ya kompyuta ya ofisini ya zamani, na kwenye kioo chake zimechorwa nyuso nne za wanabendi: Ralf Hütter, Florian Schneider, Karl Bartos na Wolfgang Flür. Wanaosema muziki wa mashine hauna moyo waisikilize "Computerliebe", wimbo wa mtu aliye peke yake usiku mbele ya kioo akitafuta wa kukutana naye, kisha waniambie nani kati yetu hosteli hajawahi kuwa mtu huyo. Uliandikwa miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa.

Kwa hiyo sigombani na bendi. Nagombana na namna tunavyoisikiliza, na zaidi na njaa yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, njaa ya kutajwa.

Albamu hii ilitoka kwa lugha mbili kwa wakati mmoja, Kijerumani na Kiingereza. Wengi wetu tuliisikia kwa Kiingereza, na mwenzetu pia, ingawa jina la wimbo alilitaja kwa Kijerumani. Sasa chukueni wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, mzisikilize nakala zote mbili. Kwa Kiingereza zinatajwa taasisi nne kubwa, za polisi na za fedha: Interpol, Deutsche Bank, FBI na Scotland Yard. Zinatajwa tu, kama vituo vya treni. Msikilizaji anaweza kudhani anasifiwa ustaarabu wa kisasa. Kwa Kijerumani orodha hiyo haiishii hapo. Inaongezwa BKA, polisi ya jinai ya shirikisho la Ujerumani, na baada yake kinakuja kitenzi. Wimbo unasema wazi kwamba taarifa zetu ziko kwa hao. Zetu! Kiwakilishi kimoja tu, na orodha nzima imegeuka kuwa shtaka.

Mjerumani wa mwaka 1981 hakuhitaji tanbihi. Katika miaka ya 1970 BKA, chini ya mkuu wake Horst Herold, ilikuwa imejenga mfumo wa kompyuta wa kuwasaka wapiganaji wa Red Army Faction. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuchuja orodha za watu wa kawaida: nani analipa umeme kwa fedha taslimu, nani jina lake halionekani katika orodha nyingine. Ukibaki kwenye chujio, polisi wanabisha hodi. Mbinu hiyo iliwahi kumnasa mtuhumiwa, sitaki kudanganya. Lakini ili kumpata mmoja ilibidi maelfu wapitishwe kwenye chujio bila kujua. Miaka miwili baada ya albamu, mwaka 1983, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotaka kufanya sensa, wananchi waliigomea kwa wingi. Mahakama ya Katiba kule Karlsruhe ikaisimamisha, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo ikatoa hukumu kwamba mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitumikeje. Sidai kwamba wimbo ndio ulioleta hukumu. Nadai kwamba wimbo wa Kijerumani ulikuwa ndani ya ugomvi huo, na wa Kiingereza ulikuwa nje, umevaa suti.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba Mwingereza hajui BKA ni nini, kwa hiyo ilikuwa busara kuiacha. Sawa. Nitaambiwa pia kwamba Kraftwerk walijali lugha kuliko bendi nyingi, kwa kuwa wimbo wao wa kikokotoo, "Taschenrechner", waliurekodi kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kijapani, na huo una sentensi kamili. Hoja hiyo ndiyo inayonisaidia kuliko zote. Wimbo wa kuchezea vitufe vya kimashine cha mfukoni ulipewa lugha nne. Namba tupu zikapewa saba. Lalamiko kwamba polisi wameshika taarifa zetu likabaki katika lugha moja. Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kadiri maneno yanavyopungua uzito ndivyo lugha zinazoalikwa zinavyoongezeka.

Hiyo ndiyo meza tunayotamani kuitiwa? Meza ya lugha saba, ambako kila mgeni anaruhusiwa kufungua kinywa mradi asiseme kitu?

Nina sababu nyingine, ya nyumbani, na semina haikuwa mahali pake.

Bibi yangu mzaa mama hajui Kiswahili, isipokuwa namba. Alijifunza namba hizo barabarani, miaka ya 1970, akisafiri kwa basi kutoka Masaka kuja Kampala. Walisimamishwa kwenye kizuizi na watu wenye bunduki, wakashushwa, wakachuchumalishwa kando ya lami. Wenye bunduki wakawa wanapita nyuma yao wakihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili. Waliposhuka walikuwa kumi na tisa. Waliporudishwa ndani ya basi walihesabiwa tena, wakawa kumi na saba, na dereva akaambiwa aondoe gari. Bibi hakuwajua wale wawili. Anakumbuka mmoja alikuwa na kuku ndani ya kikapu, na kikapu kilifika Kampala.

Siku nilipomwambia kwamba nimechagua kusomea Kiswahili chuo kikuu alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kwa Kiganda: "Nawe utakuwa unatuhesabu?"

Wenzangu mnaotoka Tanzania au pwani ya Kenya pengine swali hilo litawashangaza. Kwenu Kiswahili ni lugha ya mama, ya mashairi, ya utani wa baraza. Kwetu Uganda kiliingia masikioni mwa watu wengi kupitia kambi na vizuizi. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza kitekelezwe hivyo na kifundishwe kwa lazima, lakini wazee wakikisikia bado wanatazama mlango. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba heshima ya lugha hii itaongezeka wageni wakihesabu kwayo kwa sauti ya mashine, nakumbuka kuku.

Na hao wageni, kama mwenzetu hakujua, walishahesabu kwa Kiswahili. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Nyumba zilipaswa kuhesabiwa na watu kudaiwa, na utawala ule uliwatumia maakida na Kiswahili kufika vijijini. Wajerumani walitaja moja, mbili, tatu zetu zaidi ya miaka themanini kabla ya "Nummern", na daftari mkononi. Hakuna aliyepiga makofi.

Njaa ya kutajwa ina mifano mingine. Mwaka 1983 Lionel Richie aliweka neno karamu katika wimbo wake maarufu, na mpaka leo tunalionyesha kama cheti. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ilifanya maneno mawili ya Kiswahili yajulikane duniani kote, na kila mhadhara wa "Kiswahili kimataifa" niliohudhuria lazima uyataje. Mimi nimeulizwa na mtalii kama kweli ninasomea "ile lugha ya simba". Umaarufu wa namna hiyo ni kama picha ya pasipoti: inathibitisha upo, haielezi unawaza nini.

Sasa niseme jambo la haki kuhusu "Nummern", kwa sababu hadi hapa nimeuonea. Ngoma yake ilivuka bahari. Mwaka 1982, huko Bronx, New York, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force walitoa "Planet Rock", uliojengwa juu ya mdundo wa "Nummern" na mahadhi ya "Trans-Europe Express", wimbo wa Kraftwerk wa mwaka 1977. Vijana weusi wa Bronx hawakuandika barua Düsseldorf kuomba wahesabiwe. Waliichukua ngoma, wakaweka maneno yao wenyewe, na kutoka hapo muziki wa dansi wa Marekani ukageuza njia. Walielewa kwamba zile namba zilikuwa nafasi tupu inayosubiri mtu aseme. Mwenzetu aliiona nafasi hiyohiyo, akatamani tuijaze kwa namba zaidi.

Nimejiuliza kama Kiswahili kimewahi kufanya kile ambacho Kijerumani kilifanya katika wimbo ule wa kwanza, yaani kuishika mashine ya hesabu na kuishtaki. Kimefanya, na hakikuhitaji bendi.

Neno lenyewe nimelitumia hapo juu: kikokotoo. Lilitengenezwa kutokana na kitenzi kukokotoa, ili kukipa jina kimashine kidogo cha kufanyia hesabu, na kwa muda mrefu nadhani lilikuwa neno la darasani tu, kama tarakilishi na ngamizi, ambayo wataalamu wanayagombania huku mitaani watu wakisema kompyuta na kuendelea na safari. Kisha mwaka 2018 Tanzania ikatoa kanuni mpya za kukokotoa mafao ya wastaafu. Watumishi waliotegemea kupata nusu ya mafao kwa mkupuo wakaambiwa ni asilimia 25. Ghafla neno likatoka kwenye kamusi na kuingia kwenye daladala, misikitini, makanisani, bungeni. Kikokotoo hakikuwa tena kimashine. Kikawa jina la kile wanachofanyiwa watu na wenye kalamu. Walimu waliokaribia kustaafu walilitamka kwa hasira, hata wasiojua kugawanya kwa mkono wakajua kikokotoo ni nini. Desemba mwaka huo Rais Magufuli aliisitisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 kikaja kingine, cha asilimia 33, na malalamiko yakarudi na neno lilelile.

Mhadhiri wetu mmoja husema istilahi hufaulu kamati ikiifanyia kazi nzuri. Kwa heshima zote, mwalimu, kikokotoo hakikufaulu kwa sababu ya kamati. Kilifaulu siku mzee mmoja alipokitumia kuuliza pesa zake ziko wapi. Ni kazi ileile ya kiwakilishi "zetu" katika wimbo wa Kijerumani.

Kwa hiyo kama mwenzetu bado anataka mradi wa kutuunganisha na Computerwelt, ninao mmoja, na niko tayari kufanya naye. Tusiwaandikie Kraftwerk. Tuchukue mdundo wa "Nummern" kama walivyofanya wa Bronx, tuuweke kwenye simu, twende kwa bibi yangu Masaka tukampe kipaza sauti. Nimeshamwuliza. Amesema atakubali kwa sharti kwamba namba zote zitolewe, na kwamba ataeleza kwa lugha yake, kisha mimi nitafsiri kwa Kiswahili mbele yake, polepole, ili asikie lugha ile ikitamka kuhusu wale wawili kitu kingine zaidi ya idadi yao.