Staa, hicho kijibwa hakilii kwa mapenzi!

Wiki hii staa mmoja wa kike wa hapa Bongo kaposti video akiwa kitandani na kijibwa chake cha Shih Tzu. Jicho moja limefumba nusu, linachuruzika maji mpaka manyoya ya chini yamegeuka rangi ya kutu. Yeye kaandika eti mtoto analia kwa sababu mama anasafiri. Mashabiki wakamwaga makopakopa.

Jamani, mbwa hamwagi machozi ya huzuni. Jicho likifumbafumba na kutoa maji hivyo, linauma.

Mbwa wa pua bapa, kina Shih Tzu, Pekingese na Pug, wamezalishwa kwa vizazi vingi ili sura ifanane na ya mtoto mchanga. Uso ukafupishwa, tundu la jicho likakosa kina, macho yakabaki yametokeza nje. Ndiyo hayo macho makubwa tunayoyasifia! Kope hazifungi vizuri, wengine hulala macho nusu wazi. Jicho linakauka, manyoya ya puani yanalikwaruza, kidonda kinatokea kwenye kioo cha mbele. Kikizama mpaka kikatoboa, mbwa anaweza kupoteza jicho, na si lazima ichukue wiki nyingi. Kuna hata wanaochomokwa jicho zima kwa kukamatwa vibaya ngozi ya shingo.

Halafu kuna wale madaktari wa kwenye maoni: "Mtie dawa ya macho ya watu, atapona." Weee! Baadhi ya dawa hizo za matone zina steroidi, na ukiiweka juu ya kidonda unakiharakisha kutoboka. Daktari wa mifugo anadondoshea rangi maalumu, anamulika kwa taa ya buluu, penye kidonda panang'aa kijani. Ni kazi ya dakika chache tu.

Timu yake inasema wanaomsema wana wivu. Sawa, hakuna anayebisha kwamba anakipenda. Mwezi uliopita kilifanyiwa bethidei, keki na maputo, kikavalishwa kigauni. Hela ya daktari haiwezi kumshinda mtu wa keki ile.

Hadi jana usiku video ilikuwa bado ipo, na mashabiki wameshaanza kuulizana kijibwa kama hicho kinauzwa shilingi ngapi.